Bi Harusi Asiyesuguliwa

Wiki chache kabla ya harusi yangu, somo wangu, mwanamke aliyepewa kazi ya kunifunda, alinikalisha kwenye kigoda uani kwetu, Kinjumbi, akaanza kunisugua viwiko kwa singo. Singo ni unga wa mti wa liwa wenye harufu nzuri, karafuu na mchele uliolowekwa kwa marashi. Kila bi harusi wa pwani yetu alisuguliwa nayo siku nyingi mpaka ngozi ing'ae, na somo ndiye aliyebeba kazi hiyo. Bi harusi akitoka na ngozi mbaya, aliyesemwa ni somo.

"Huyu mtoto haogi vizuri," alimwambia mama yangu. "Tazama uchafu ulivyogandamana."

Haukuwa uchafu. Yalikuwa magamba meupe, makavu, yaliyokaa juu ya ngozi iliyovimba kidogo na kuiva kama zambarau. Yalianza msimu wa pamba. Wakati ule Mjerumani alilazimisha kila kijiji kulima shamba la pamba, nasi wasichana tukaingizwa kuchuma. Ganda la pamba likikauka huwa na ncha kali, na jioni tulirudi mikono imejaa mikwaruzo. Ya wenzangu ilipona. Yangu iligeuka mistari ya magamba, mstari kwa mstari, kama mtu amenichora.

Miaka mingi baadaye daktari alinitajia jina la ugonjwa huu, soriasisi, na nikaelewa. Ngozi ya kila mtu hujijenga upya polepole, ya zamani ikatoka bila mwenyewe kujua. Yangu ina haraka. Mpya inaisukuma ya zamani kabla haijawa tayari kuondoka, ndipo inaporundikana. Na ukiijeruhi, pale pale penye jeraha inazidisha haraka yake. Sasa fikiria ngozi ya namna hiyo inasuguliwa kila asubuhi kwa singo.

Magamba yalishuka mikononi, yakaingia mgongoni, yakashika miundi. Somo naye akaongeza nguvu. Gamba likibanduka, vidoa vidogo vya damu vilichomoza kama vimetobolewa kwa sindano.

"Vumilia, mwanangu," alisema huku akivuta pumzi. "Mumeo hakuposa kenge."

Nilicheka, maana alikuwa hodari wa maneno. Lakini kisimani wanawake hawakucheka. Neno lililopita pale lilikuwa ukoma. Ukoma si neno la kuchezea, na siku zile lilikuwa zito zaidi, kwa sababu boma la Kilwa lilikuwa limewaagiza majumbe, wakuu wa vijiji, wawapeleke wakoma kwenye vibanda vilivyojengwa mbali na watu. Jumbe wetu akisikia, harusi ingekuwa jambo dogo. Ningeondolewa nyumbani.

Wa kwanza kufika hakuwa jumbe. Alikuwa mama wa mchumba wangu, mkulima wa ufuta, mwanamke mrefu asiyependa kuzungushwa.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Toka hapo penye giza, nikuone."

Mama yangu alianza kumkaribisha uji. "Uji baadaye," alijibu. "Nimekuja kuvunja posa au kuithibitisha. Sijui bado."

Alinigeuza kwenye mwanga. Alinishika ndewe za masikio, akapitisha kidole kwenye nyusi zangu, kisha akaniambia nifumbe macho. Aliokota unyoya wa kuku hapo uani.

"Nikikugusa, sema wapi."

"Kiwiko," nilisema. "Kiwiko tena. Muundi. Hapo mgongoni, na panawasha, mama, usiondoe kwanza."

Nilimsikia akicheka puani. Nilipofumbua macho, alikuwa amekaa chini na unyoya mkononi.

"Kaka yangu alikuwa na ukoma," alimwambia mama. "Nilimuuguza mpaka akafa. Alikuwa akishika chungu cha moto, vidole vinaungua, naye anazungumza tu, hana habari. Ukoma unakula hisia kwanza. Huyu ndewe hazijavimba, nyusi hazijanyonyoka, na anahisi hata unyoya. Sijui ana nini, lakini ukoma sio." Kisha akamgeukia somo. "Na kinachomwongezea ni wewe."

Somo alitupa singo bakulini. "Mimi nimewaoza wasichana wa vijiji vyote hivi. Nimtoe huyu bila kusuguliwa, niseme nini kwa watu?"

"Sema mavyaa yake kakataa."

Tangu siku ile singo ilikoma. Mavyaa, mama mkwe wangu huyo, alileta mafuta ya ufuta, nikapakwa mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, maana mafuta hufungia maji ndani yasikauke. Magamba yalilainika yakatoka yenyewe. Asubuhi nilikaa kidogo juani, mikono na miguu wazi, kabla jua halijawa kali. Kucha zangu zilikatwa fupi, na palipowasha nilipabonyeza kwa kitambaa cha maji baridi badala ya kupakuna.

Sikupona, na ni vizuri nilieleze hili wazi, kwa sababu wengi hukata tamaa wakidhani wamekosea. Ugonjwa huu hulala na kuamka. Baadaye, nikiwa nimeshaolewa, mwaka wa vita vya Maji Maji, tulipokimbilia porini kwa hofu na njaa, uliamka mwili mzima. Walionyunyizwa maji ya dawa waliniambia ningetakata, nilinyunyizwa, sikutakata. Vita vilipopita, nikapata chakula na usingizi, ukalala tena. Kuufahamu mwenendo wake kulinipa nguvu kuliko dawa nyingi nilizouziwa.

Siku ya harusi yenyewe, kabla ya vita hivyo, viwiko vyangu na miundi vilikuwa bado na mabaka, madogo, yasiyo na magamba. Ndugu za mume walijaa chumbani kutazama nikipakwa hina. Somo alikaa pembeni na kanga ya kunifunika mikono.

"Niache wazi, somo," nilimwambia. "Kanga inakwaruza."

Shangazi wa mume wangu alinyoosha shingo. "Hiyo inaambukiza?"

Swali lilikuwa la haki, na nilikuwa na jibu. "Nimelala kitanda kimoja na mama yangu tangu nizaliwe, shangazi. Mtazame mikono."

Mama alikunja mikono ya kanzu yake mpaka juu ya viwiko, akaigeuza huku na huku. Shangazi aliitazama kwa makini, bila haraka. Kisha akasogea mkekani, akanishika mkono chini ya baka ili usitikisike mbele ya mwanamke aliyekuwa akinipaka hina.

"Inauma?"

"Inawasha tu, ikikauka."

"Basi mbona imekauka?" aliuliza, akigeuka kumtafuta wa kulaumu. "Mafuta yako wapi?"

Mavyaa alinyanyua chupa. Somo alimwahi, akaichukua mkononi mwake.

"Lete hapa," alisema. "Bi harusi wangu napaka mimi."

Alimimina mafuta kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua viganja vyake viwili, ndipo akanishika kiwiko.