Siku Niliyosoma Riwaya kwa Washonaji

Kwenye chumba cha ushonaji anapofanya kazi mama, hapa Yeoville, mtaa wetu wa wahamiaji, kila mchana mtu mmoja husoma riwaya kwa sauti. Anayesoma hashoni, wenzake wanagawana kazi yake. Sheria hiyo waliiweka wenyewe walipochoka na redio. Mimi huja kusikiliza nikitoka shule. Msomaji wetu ni shangazi mmoja wa Bukavu, anayeweza kulia na kucheka ndani ya sentensi moja. Jumamosi hii alikuja na mafua, sauti imekauka. Na hadithi tulikuwa tumeiacha pabaya: mama mkwe kamfumania mke wa mwanawe anafunga sanduku aondoke.

"Basi huyu mtoto asome," mama akasema, akininyooshea mkasi.

Mimi! Shuleni nimeshajifanya naumwa tumbo ili nisisimame mbele ya darasa. Halafu nimezaliwa hapa. Kiswahili nakielewa chote, ila kikifika mdomoni kinajikwaa. Lakini na mimi nilitaka kujua kama yule mke atatoka. Nikaanza. Kelele za cherehani zikaifunika sauti yangu.

"Unausomea mfuko wako?" akauliza shangazi kwa sauti ya kukwaruza.

"Eish, maman, tupe sauti!" akadakia mwingine, akiniita mama kwa Kifaransa cha kwao. Wakacheka. Nusura nifunge kitabu.

Ndipo nikafika pale mama mkwe anaposema, "Hilo sanduku ni la mwanangu. Toka na ulichokuja nacho." Sijui ilitoka wapi, nikayasema maneno hayo kama bibi yangu anavyogomba kwenye simu: polepole, pua juu. Cherehani moja ikanyamaza. Ikafuata nyingine.

"Mchawi huyo!" mtu akamtukana mama mkwe.

Mama peke yake aliendelea kushona, macho yakiwa kwangu, akaiunganisha miguu miwili ya suruali ya mteja ikawa kama foronya. Walimzomea mpaka wakatokwa machozi ya kucheka.

"Si nitafumua?" akasema. "Wewe soma!"

Nikasoma. Mke akamwaga nguo zake kitandani, akazifunga kwenye kitenge, akaliacha sanduku wazi. Mlangoni akageuka, akamjibu mama mkwe. Chumba kizima kikapiga vigelegele, hata shangazi na koo lake bovu.

Upande wa pili wa ukuta kuna saluni. Mashine ya kukaushia nywele ikazimwa, ukuta ukagongwa.

"Nyinyi! Amemjibu nini? Huku hatujasikia!"

Nikasimama, nikavuta pumzi, nikalirudia jibu lote kwa sauti ya kupasua matofali: "Sanduku la mwanao nimekuachia wazi, mtie humo umfungie asipotee!"