Siku Niliyopanda Paa Kunyoosha Intaneti

Wacha nianze na ile sehemu ya aibu tumalizane nayo: muthoni wangu, baba ya mume wa binti yangu, mtu ninayepaswa kumheshimu mpaka hata kupiga mwayo mbele yake ni makosa, aliniona makalio, mchana, Jumapili, na mke wake akiwa hapo kando. Mkitaka kucheka chekeni sasa, kwa sababu nikifika mwisho sitaki kusikia mtu.

Mimi mnanijua, Karanja wa Mawe. Niliacha shule darasa la nne nikashika nyundo kwa machimbo hapa Ruiru, na leo ukiona lori limebeba mawe ya kujenga likielekea Githurai 45, uliza ni la nani. Nusu ya zile nyumba za kupangisha zimekalia mawe yangu (wenye nyumba watakataa, lakini mawe yenyewe hayawezi kukataa). Kwa hivyo mtu akiniambia kitu fulani ni kigumu mimi humuuliza, kigumu kuliko jiwe? Na hilo ndilo swali lililonipandisha juu ya mabati.

Binti yangu Njeri yuko Amerika, ameolewa na kijana wa Gatuanyaga. Mvulana wao wa kwanza alipewa jina la baba ya bwana, yaani huyo muthoni wangu, Mwalimu Gitau, mwalimu aliyestaafu, na tangu siku hiyo hatukutani bila yeye kutoa picha kwa mfuko wa koti na kuniambia, "Muone Gitau mdogo." Nimeiona hiyo picha mpaka nikaota. Halafu mwaka jana Njeri akapata mvulana wa pili, na kwa desturi yetu wa pili ni wangu. Karanja mdogo! Akasema kwa simu kwamba picha angetuma kwa kompyuta, eti inafika siku hiyo hiyo, barua ya nini.

Nikaenda Thika nikanunua kompyuta ya mezani, kubwa zaidi dukani, pamoja na kale kasanduku kanaitwa modemu, kanakounganishwa na laini ya simu ya nyumbani ndipo upate intaneti. Msichana wa duka alikuja kuniunganishia, akanionyesha pa kubonyeza, na kabla ya kuondoka akauliza, "Mzee, kuna simu ingine kwa hii laini?"

Nikamwambia hakuna.

Na ilikuweko. Niliivuta mwenyewe, bila kuwaambia watu wa simu, waya ukapita juu ya mabati mpaka chumba cha mama yangu huko nyuma, kwa sababu Mama macho yake yamefunikwa na ukungu na sikutaka awe akijigonga kwa viti akitafuta simu ya sebuleni. Sasa ningemwambiaje msichana wa watu kwamba mtu mzima kama mimi nimevuta waya kama mwizi? Nikasema hakuna, na nikasahau nimesema.

Mtu mwingine angefungua picha polepole na mke wake wakaiona wakanyamaza. Mimi nilichinja mbuzi. Nikamwita Mwalimu Gitau na mkewe kutoka Gatuanyaga, nikapanga viti vikaangalia kompyuta kama kanisani, na nikavaa suruali ya suti. Mama nilimwacha chumbani, nikifikiri, picha ataitazama na nini? Nikapita tu mlangoni nikamwambia, "Mama, leo mtoto anakuja kwa laini ya simu." Akauliza, "Ni kweli, baba?" (Yeye huniita baba, kwa sababu nina jina la baba yake mzazi.) Nikasema ni kweli, nikaenda zangu kwa wageni.

Basi nikabonyeza. Modemu ikaanza kelele zake, wiii na mikwaruzo, Mwalimu akasema, "Hii nayo inalia kama yule mbuzi." Ikatulia, ikashika, na picha ikaanza kuteremka polepole kutoka juu kama pazia: ukuta mweupe, kofia ya sufu, kipande cha paji la uso. Nikasimama. Ikakatika.

Nikabonyeza tena. Ukuta, kofia, paji la uso, nyusi, ikakatika. Mara nyingine ikakatika hata kabla ya kushika.

"Hilo paji ni pana," Mwalimu akasema kwa upole wa mtu anayeshinda. "Ni lako kweli. Ama huyo mtoto ndiye paji peke yake?"

Hapo nikaingia kazi. Nikazima friji. Nikazima redio. Nikapangusa vichwa vya waya na spiriti. Modemu nikaisikia ina joto, nikaiwekea feni. Bado. Halafu nikasikia mashini ya Juma, jirani yangu anayechomelea milango ya chuma, ambaye Jumapili kwake ni siku ya kazi, nikapata mkosaji. Nikatoka mpaka kwenye ua.

"Juma! Zima hiyo kitu, unanikatia Amerika!"

Juma ni muungwana, akazima, akaja na miwani yake ya kuchomelea imekaa kipajini, akapewa supu, akakaa kiti cha mbele. Nikabonyeza. Ukuta, kofia, kwisha.

"Karanja," akasema, "sasa mimi nimezima. Tumtafute mwingine tumsingizie?"

Mwalimu akatabasamu ndani ya kikombe cha chai, na mimi nikakumbuka mipira ya maji. Maji yakija kidogo kidogo na kukatika, ujue mpira umejikunja mahali, na waya wa simu ulikuwa umelegea kutoka kwa mlingoti mpaka kwa paa, na kule juu ya mabati una kona nyingi, kwa hivyo picha zinakwama kwa kona. (Msinitazame hivyo. Siku hiyo ilikuwa na akili kabisa.) Nikaita ngazi.

"Baba Njeri, na hiyo suruali?" mke wangu akauliza.

"Mimi nimeshuka machimbo kwa kamba, hii nyumba ni nini?"

Nikapanda kwa upande wa nyuma, nikaufuata waya, nikaushika, nikauvuta kwa nguvu zile za kung'oa jiwe. Viatu vya ngozi na mabati havipatani. Niliteleza miguu mbele, msumari wa paa ukanishika hapa kiunoni na kunifungua suruali mpaka chini, na chupi nusu, ngazi nikaipiga teke ikaanguka, na nikabaki nimeng'ang'ania ukingo wa paa, vidole vya miguu viko kwa dirisha la Mama, uso umeangalia ndani, na huko nyuma, mahali upepo ulikuwa unapita, wageni wangu wote wamekuja mbio kuona ni nini imeanguka.

Na huko ndani nikamwona Mama. Amekaa kwa kitanda, amevaa kitambaa chake kile cha kanisani, ameshika simu kwa mikono miwili.

"Nyamaza, baba," alikuwa anaiambia. "Nyamaza, baba wangu, ni mimi. Usilie hivyo, utaumia koo."

Mimi nikapiga kelele, na hii ndiyo aibu yenyewe, ile ya suruali ni mchezo tu. "Mama! Weka hiyo simu chini! Ni wewe unatukatia laini!"

Akashtuka, akageukia dirisha ambalo haoni.

"Ni wewe, baba? Kuna mtoto analia huku na nyinyi mmekaa tu. Uliniambia anakuja kwa laini. Simu inafanya ting, nashika, nasikia analia. Na kila nikimwambia anyamaze, ananyamaza."

Kule chini nikamsikia Mwalimu Gitau akivua koti lake. Akarudi kinyumenyume, uso ameuelekeza kwa migomba, mkono ameunyoosha nyuma na koti.

"Vaa, muthoni. Kwa hivyo simu ni mbili?"

"Ni mbili," nikasema.

Juma akasimamisha ngazi. "Shuka polepole," akaninong'oneza, "hata chupi naona inakaribia kukatika laini."

Nikarudi kwa kompyuta na koti la Mwalimu limefungwa kiunoni. Sasa kila kitu kilikuwa rahisi, Mama ameelezwa, hatashika tena, ni kubonyeza tu. Nikaweka kidole. Halafu nikafikiria ile ting, na yeye amekaa kule mikono kwa mapaja, anamsikia mtoto amefika na amekatazwa kumjibu. Nikashindwa. Mimi, mtu wa mawe.

Nikachomoa waya wa modemu. Tukaenda sote chumbani kwa Mama, tukajipanga kwa kitanda na kwa sanduku lake, Juma akasimama mlangoni, nikampigia Njeri Amerika, huko kulikuwa asubuhi. Mtoto alikuwa amelala. "Mwamshe," nikasema. Akalia, kilio cha kweli, hata sisi wengine tulikisikia kutoka kwa sikio la Mama.

"Nyamaza, baba," akasema.

Akanyamaza. Mama akatikisa kichwa kutuonyesha kwamba alikuwa ametuambia. Mwalimu Gitau akatoa kitambaa akapangusa miwani, muda mrefu sana kwa miwani ile midogo.

Picha niliipata kesho yake, nzima, na masikio. Mtoto ni mzuri, na picha naibeba kwa mfuko wa koti, Mwalimu ameiona ya kutosha. Lakini juu ya paa sirudi tena, na kabla ya kugusa kompyuta naenda kwanza huko nyuma kuomba laini. Mama husema ngoja. Anainua simu, anasikiliza ule mluzi wa laini mpaka atosheke, halafu anairudisha taratibu, bila kuigonga.

"Haya, baba," ananiambia. "Leo amelala. Endelea."