Meza ya Pili Barazani kwa Kaijage

Siamini bado kwamba naandika "marehemu" mbele ya jina la Kaijage. Ijumaa asubuhi tulikuwa naye kwenye kikao cha online, ananitania kama kawaida. Jumapili dada yake akanipigia. Presha, ameanguka, hatunaye tena.

Nilikaa naye meza moja ofisini Dar kwa miaka sita, mpaka kampuni ilipoturuhusu kufanyia kazi popote. Wengi tulibaki palepale mjini. Yeye alifunga laptop yake kwenye begi akarudi kijijini kwao Izigo, kwa mama yake.

Kijijini wakaamini amefukuzwa kazi. Mwanaume mzima, shati limepigwa pasi, anashinda nyumbani. Wanajumuiya wakaja kumwombea apate ajira. Aliitikia amina kwa sauti, akaniambia, "Kazi ya pili nani anaikataa?"

Mama yake, Ma Justina, ndiye aliyewajibu majirani: "Mwanangu ana kazi, ila bosi wake hajui njia ya huku."

Bosi naye alidhani ile migomba nyuma ya Kaijage ni picha ya kubandika. Mpaka jogoo alipowika katikati ya presentation ya mteja. Tukamwambia, "Kaijage, mute." Akajibu, "Jogoo hana kitufe, waitu," yaani "wetu", neno la upendo la lugha ya kwetu.

Umeme ukikatika alipanda pikipiki hadi Bukoba mjini, kwa dada yake mtaa wa Bakoba, akamalizia ripoti jikoni watoto wakila ebitoke, ndizi za kupika.

Kila wiki aliniuliza mimi, mtu wa Ngenge, wilaya moja naye, narudi lini. "Sisi tunarudishwa kibanjani, shamba la baba zetu, ndani ya sanduku, tunazikwa kwenye migomba tusiyoijua. Wewe njoo ukiwa unatembea." Akasema amenichongeshea meza barazani, kando ya yake. Nikamjibu Desemba. Zimepita Desemba tatu, na kila mara nilikuwa na sababu. Sababu za uongo, nakiri leo.

Jana tumemzika kwenye kibanja cha baba yake. Migomba hii aliijua, aliipalilia mwenyewe.

Watu walipotawanyika, Ma Justina alinishika mkono akanipeleka barazani. Meza ziko mbili kweli. Ya pili ina kitambaa alichofuma mama mwenyewe. Anasema amekuwa akiifuta vumbi kila asubuhi, kwa sababu Kaijage alimwambia rafiki yake yuko njiani. Akanipa kahawa ya kutafuna, akanikaribisha kama mgeni aliyefika kwa wakati. Nilishindwa kumtazama usoni.

Nisamehe, ndugu yangu. Nimefika, ila nimefika mazishini.

Naandika haya nikiwa kwenye meza yangu, ya kwako iko hapa kando. Jumatatu nitaingia kikaoni kutoka hapa, mama yako akiwa jikoni. Jogoo akiwika, sitazima maikrofoni.

Pumzika kibanjani kwako, Kaijage. Lala salama, waitu.