Majani Aliyoyafukia Mama Mdogo

Wageni wakipita Ufipa mwezi wa tatu hudhani tumezika watu mashambani. Mteremko mzima unakuwa umejaa vilima vya mviringo, vimekaa bega kwa bega mpaka macho yachoke. Hatuziki watu. Tunazika majani. Mvua ikishakolea, mwanamke anainama na jembe, anakata udongo pamoja na nyasi zake, anaupindua nyasi ziangalie ndani, anazunguka, anapindua tena, mpaka kilima kinamfika magotini. Hicho ndicho tunaita ntumba. Juu yake anapanda maharage ili kisikae bure. Majani yanaoza humo kiangazi kizima, na mvua za mwaka unaofuata zikianza, kilima kinabomolewa, udongo mweusi unatandazwa, ulezi unamwagwa. Kwa hiyo ntumba ni jasho la mwaka huu kwa ajili ya ugali wa mwakani. Anayeipiga anaamini kwamba mwakani atakuwepo.

Mama mdogo wangu aliamini hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Shuleni tukifunga, mama alinipeleka kwake, kijiji cha upande wa Kate. Leo nauza maharage mjini, Mazwi, nimenunua na kuuza mpaka mikono imekuwa mizani, lakini sijapata tena harufu kama ile ya nyasi mbichi zikifunikwa na udongo wenye baridi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Tulikuwa watatu mstarini: mama mdogo mbele, mama mkwe wake, ambaye nilimwita bibi, katikati, na mimi nyuma, kwenye nafasi ya wanaojifunza na wanaosingizia mgongo.

Bibi alisimama juu ya kazi yangu akaitazama. "Hii ni ntumba au kichuguu?"

"Ntumba, bibi."

"Mchwa wangekushinda."

Mama mdogo alicheka bila kuinuka. Alikuwa na kasi ya ajabu. Nikihesabu zake napata idadi, nikirudia napata nyingine, maana katikati ya hesabu alikuwa ameshaongeza.

Tukikaa kula viazi, bibi alipenda kutusimulia habari ya dada yake aliyeachwa zamani, kabla ya uhuru. Wazee wa pande mbili walikaa siku moja, wakamaliza. Ng'ombe wa mahari wakarudishwa, watoto wakabaki kwa baba yao, mwanamke akaondoka na jembe na chungu. Ilitokea kwamba ng'ombe mmoja alikuwa amezaa. "Huyo ndama walimgombania tangu asubuhi mpaka jua likazama," bibi alisema. "Nani mwenye ndama, nani mwenye maziwa. Dada yangu alikuwa ameacha shamba zima la ntumba, hata mmoja hakulitaja. Ulezi ule akaula mke aliyekuja."

"Na yeye hakusema?" niliuliza.

"Aseme wapi? Kikao kilikuwa cha wenye ng'ombe."

Miaka ikaenda. Mimi nikaingia mjini, nikapanga chumba Mazwi, nikajifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Baba mdogo, yaani mume wa mama mdogo, akaanza biashara ya dagaa. Alishuka Kasanga, ziwani, kila mwezi, akapandisha magunia. Halafu magunia yakaanza kupanda yenyewe, na yeye akabaki kule chini. Wasafiri wakaleta habari kwamba anakaa na mwanamke, na ana mtoto naye. Mama mdogo alisubiri. Alipoacha kusubiri alikuja kwangu na mfuko mmoja na mwanawe wa mwisho, aliyekuwa darasa la sita.

"Nataka talaka," alisema, hata chai hajamaliza.

Mimi nikaona hapa kuna kazi ninayoiweza. Nikamwambia tupange madai. Nyumba ina mabati: tudai yote, tutashuka mpaka nusu. Baiskeli, mbuzi, mtaji wa dagaa, vyote tuvitaje juu ili tukubaliane katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kama ya mteja asiyenunua.

"Mabati nitayala?" akasema. "Mimi nataka shamba la bondeni. Nimelipiga ntumba lote mwaka huu. Mvua zikianza, nani atazitandaza?"

"Lile ni la ukoo wao, mama mdogo. Hapo hutapata kitu."

"Basi kaa na mabati yako."

Zamani angemaliza safari kwa siku moja kama dada yake bibi. Sasa sheria ina ngazi, na kila ngazi ina benchi la kungojea. Kwanza tulikwenda kwa padri, kwa sababu ndoa ilifungwa kanisani. Padri, mtu mpole, akatukumbusha kwamba mbele ya Kanisa ndoa haivunjwi na mtu.

"Padri, sitaki kuolewa tena," mama mdogo alimjibu. "Nataka kulima."

Kisha baraza la usuluhishi la kata, kwa kuwa tangu sheria ya ndoa ya mwaka sabini na moja mahakama haipokei shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha. Likajaribu. Baba mdogo alipanda kutoka Kasanga, amenawiri, shati limenyooshwa. Alinisalimia barazani kama tumekutana harusini. "Mwanangu, maharage yanakwendaje?" Nikamwamkia shikamoo, nikamjibu yanakwenda. Sheria nzima ile, yenye vifungu kama siafu, haina neno la kumwita mtu anayeelekea kutokuwa baba mdogo wako.

Baraza lilimuuliza kama yuko tayari kumwacha mwanamke wa Kasanga. Akasema suala hilo ni gumu. Wakamuuliza mama mdogo kama yuko tayari kusamehe. Akasema yeye hana hasira, ana shamba. Wakatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, tukaenda mahakama ya mwanzo.

Hakimu alikuwa kijana mwanamke kutoka mkoa wa mbali, amejifunika shuka juu ya koti, maana mwezi wa saba wa kwetu hauna huruma kwa mgeni. Kando yake waliketi wazee wawili wa baraza wa kumshauri. Kuhusu talaka hakuchelewa: baba mdogo mwenyewe alikiri ana nyumba nyingine. Kazi ilikuwa kwenye shamba.

"Shamba hili ni la babu yangu," baba mdogo alisema. "Huyu alilikuta. Yeye alikuwa analima tu."

Sijasahau lile neno "tu". Mama mdogo aliangalia mikono yake.

Hakimu alieleza taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka, ili wote tusikie. Zamani, alisema, mke aliyeshinda jikoni na shambani alihesabiwa hakuchuma kitu, kwa kuwa jina lake haliko popote. Lakini Mahakama ya Rufani ilishasema, siku nyingi sasa, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Na mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye mgawanyo, kama mwenzake ameiendeleza kwa kiasi kikubwa. "Kwa hiyo swali langu ni hilo tu. Shamba limeendelezwa au halikuendelezwa? Nitakuja kuliona."

Akapanga siku. Mimi nilitoka nikiwa na wasiwasi, kwa sababu mnunuzi mjanja hatangazi siku ya kuja kukagua mzigo.

Baba mdogo alikuwa na siku hizo zote mkononi. Alikodi vijana, akawapikia pombe ya ulezi, wakaingia bondeni wakazibomoa ntumba, ili hakimu akifika akute uwanda mtupu usio na alama ya mkono wa mtu. Mfipa gani anabomoa ntumba kiangazi, mvua iko mbali, majani hayajamaliza kuoza? Ni mtu aliyekaa sana ziwani akasahau kilichomo ndani ya ntumba. Lakini pombe iliisha kabla ya kazi, vijana nao wakalala, na robo ya ntumba zilizokuwa upande wa juu zikabaki zimesimama.

Tulipofika na hakimu, mama mdogo alisimama ukingoni akafunika mdomo kwa kanga. Majani yake yalikuwa yametapakaa bondeni kote, mengine meusi, mengine bado ya njano, yanakaukia juani na kupeperuka. Jasho la msimu mzima lilikuwa nje. Nilimshika mkono. Hakuuvuta.

Hakimu aliinama akaokota konzi moja. "Haya majani yametoka wapi? Hapa hakuna miti."

Baba mdogo alisema ni upepo.

Mzee mmoja wa baraza alikohoa. "Mheshimiwa, upepo wa kwetu ni mkali, lakini haujaanza kufukia nyasi." Kisha akamwonyesha zile zilizosimama, akaomba jembe, akapasua moja. Ndani majani yamelala tabaka kwa tabaka, yana mvuke. Hakimu aliuliza inapigwa na nani, inachukua muda gani, na kwa desturi ya Wafipa mavuno yake ni ya nani. Sheria yenyewe, alisema, inamtaka aangalie desturi za jamii ya hawa wawili. Mzee akataka kujibu, akasita, akasema shahidi wa mume yupo, aulizwe yeye.

Shahidi huyo alikuwa bibi. Mwanawe ndiye aliyemleta, aje aseme kwamba shamba ni la ukoo. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, fimbo magotini, amezeeka kuliko nilivyotaka kumkumbuka.

"Shamba ni la ukoo," alisema. "Babu yake alilifyeka. Hilo nimeshasema."

"Na ntumba, mama?" hakimu akamuuliza. "Ni za nani?"

Bibi alimwangalia mwanawe. Baba mdogo aliinamisha kichwa kidogo, kama anayemwomba.

"Shamba ni la ukoo," akarudia. "Ntumba ni ya aliyeipiga. Mimi nilipofika hapa bondeni lilikuwa jiwe na manyasi makali. Nikalipiga ntumba mpaka likalainika, mkwe wangu akaja akanipokea. Wanaume walilirithi. Sisi tulilitengeneza."

"Mama," baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "umekuja upande wangu au upande wake?"

"Nimekuja kwa miguu. Huyu hakimu kaniuliza ntumba. Angeniuliza dagaa ningekuja kukusaidia."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na nilicheka ndani.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma kadhaa. Talaka ilitolewa. Mtoto akae na mama yake, baba achangie matunzo kila mwezi, na ada za shule. Nyumba yenye mabati akapata baba mdogo, jambo lililoniuma mimi peke yangu. Shamba la bondeni likagawanywa nusu kwa nusu, na nusu ya mama mdogo ikawa ile ya juu, yenye ntumba zilizosalia, kwa kuwa mwenzake ameharibu za chini kwa mkono wake. Tulitoka nje. Nilimwuliza kama anataka tukate rufaa kudai mabati.

"Wewe mtoto," alisema, "kuna siku utakubali bei?"

Matunzo hayo, nisimsingizie mtu, yalikuja. Mara kwa simu, mara kwa kifurushi cha migebuka iliyokaushwa ambayo nililazimika kukadiria thamani yake, na baba mdogo kila mara alikadiria juu. Nilizoea kubishana naye kwa simu kuhusu samaki. Kwa namna fulani tulibaki ndugu kwa njia hiyo.

Mvua zilipoanza nilifunga biashara nikaenda kumsaidia mama mdogo kutandaza. Ukungu ulikuwa ule ule, baridi ile ile. Safari hii tulikuwa wawili mstarini, na mgongo wangu haukuhitaji tena kusingiziwa. Ntumba zilizobaki zilikuwa chache. Tulichanganya na majani tuliyoyakusanya bondeni, yaliyobaki baada ya upepo, lakini mama mdogo alijua, nami nilijua, kwamba ulezi wa mwaka ule ungekuwa haba. Alitandaza hivyo hivyo, taratibu, anavunja kila bonge kwa vidole.

Jua lilipopanda tulimwona bibi anakuja na jembe begani, akikanyaga kama anayepima ardhi. Hakuwa mkwe wa mtu tena, kwa karatasi. Mama mdogo alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alilitazama shamba, akachezea mpini. "Mwanangu amerudi Kasanga. Nusu yake ameikodisha kwa mtu wa mahindi. Hakuniachia pa kulima."

Kila mtu alijua anakuja kusema nini, na mzee wa namna ile hawezi kuomba mara mbili.

"Nilikuwa nataka kona," alisema. "Ya ulezi wa uji."

Mimi hesabu zilishaanza kichwani. Shamba ni nusu. Ntumba ni robo. Mtoto anasoma. Na hakimu, pamoja na vifungu vyake vyote, hakutaja mahali popote kwamba mwanamke aliyeachwa anamtunza mama wa aliyemwacha. Nikafungua mdomo kusema kona ipi, ukubwa gani, kwa msimu mmoja au vipi.

Mama mdogo alikuwa ameshainuka. Alitembea mpaka pale udongo ulipokuwa mweusi kuliko kwingine, akachora mstari kwa kisigino, kipande kikubwa kuliko ambacho mimi ningekitoa hata kwa kushikiwa panga. "Hapa, mama. Pako. Mwakani pia."

Bibi alisogea, akakitazama kile kipande, akaanza kukizungukia kwa hatua. Kwenye mpaka wa mwisho akaongeza hatua moja zaidi, akachomeka jembe.

Nilimwangalia mama mdogo. Alikuwa amegeuka, anamwaga ulezi.