Kumwogesha Simbilisi wa Wifi

Nimezaliwa na kukulia Msambweni na bado siwezi kupara samaki. Nikiona matumbo yakitolewa, mate hunijaa kinywani na lazima niondoke. Marehemu mume wangu alilijua hilo, na muda wote tulioishi pamoja samaki waliingia nyumbani kwangu wakiwa wameshasafishwa. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alipokuja kukaa nami baada ya kuvunjika nyonga, nilijiandaa kwa mengi. Kwa kile kizimba alichokuja nacho sikujiandaa.

Ndani yake mlikuwa na simbilisi. Ni mnyama mdogo wa manyoya, mfano wa sungura asiye na masikio marefu wala mkia. Wengi hapa kwetu humwita ginipigi. Wifi alikuwa yaya kwa miaka mingi katika nyumba ya wazungu kule Diani, na walipohama walimwachia mnyama huyu, kwa kuwa watoto walikuwa wameshakua na hawakumtaka tena. Jirani yangu alipokuja kumjulia hali na kulisikia hilo jina, alisimama akaikusanya leso yake.

"Pigi? Ndani ya nyumba mnayoswalia?"

Wifi akamweleza kwa upole kwamba mnyama huyu hana uhusiano wowote na nguruwe, na kwamba chakula chake ni majani tu. Jirani alikaa tena, lakini kwenye ncha ya kiti.

Mimi jina halikunisumbua. Kilichonisumbua ni mnyama mwenyewe. Alikuwa dume, tena mzee, mwenye manyoya marefu ya kahawia na meupe, na huko nyuma ule weupe ulikuwa umegeuka manjano. Asubuhi macho yake yalitoa maji meupe kama maziwa, akajipaka usoni kwa viganja. "Anaosha uso," wifi aliniambia. Siku nyingine nikiwa nakunywa chai, aliinama, akaingiza kichwa chini ya tumbo, akakichukua kinyesi laini palepale kinapotokea, akakitafuna huku ananitazama. Wifi alisema ndivyo walivyoumbwa, wasipokila hudhoofika. Chapati yangu niliwatupia kuku.

Kwa kuwa wifi hakuweza kuinama, kubadilisha maranda ya kizimba ikawa kazi yangu. Nilifunga kitambaa puani na kupumulia mdomo. Hata hivyo kulikuwa na harufu moja ambayo haikuondoka na maranda. Ilikuwa kama ya shombo lililovundia ndani ya kitambaa kibichi, nayo ilimfuata mnyama popote alipo.

Ilikuwa mwezi wa saba, siku ya upepo na manyunyu. Wifi alikuwa amekwenda hospitali kwa mazoezi ya mguu. Nikaona nimalize jambo hili peke yangu. Nilimtoa kizimbani kwa kutumia mfuko wa plastiki kama glavu, nikampeleka kwenye mfereji wa uani, nikammwagia kwa jagi maji ya baridi kuanzia kichwani, kisha nikamsugua kwa sabuni ya unga ya kufulia. Alipiga kelele kali, nyembamba, nikadhani majirani watakuja. Akanikojolea mkononi. Mkojo ulikuwa mzito, wenye vumbi jeupe kama chokaa, na uliingia ndani ya ule mfuko. Nilimwachia, nikatapika kando ya mchicha. Niliporudi nilimmwagia jagi moja la mwisho, nikamrudisha kizimbani, nikakiweka barazani akaushwe na upepo.

Wifi aliporudi alimkuta amejikunja kwenye pembe ya kizimba, manyoya yamegandamana, anatetemeka. Alikuwa hataki hata majani ya mahindi.

"Umemwogesha?"

"Alikuwa ananuka, wifi."

"Kwa maji gani?"

"Ya mfereji."

Hakunifokea, nami nilitamani anifokee. Aliketi, akaniomba nimpe mnyama, akamfunika kwa leso kifuani pake, kisha akampigia simu daktari wa mifugo wa Ukunda. Daktari alisema apatiwe joto, akaushwe hadi kwenye ngozi, na asikae penye upepo kabisa, kwani wanyama hawa wakishikwa na baridi mapafuni hawachukui muda. Nilipasha taulo juu ya sufuria ya maji ya moto nikawa namletea, moja baada ya nyingine. Kabla ya magharibi alitafuna jani moja la mahindi. Sitajidai kwamba nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kwamba sikuwa nimemuua.

Daktari alikuwa ametaja jambo lingine. Dume akizeeka, misuli ya nyuma hulegea, na kinyesi hubaki ndani ya mkunjo wa ngozi. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu. Hakuhitaji kuogeshwa mwili mzima bali kusafishwa hapo, na wifi asingeweza kumshika na kumsafisha kwa wakati mmoja.

Wiki iliyofuata, adhuhuri ya jua kali, tulifunga madirisha ya sebuleni. Wifi aliketi kwenye kiti chake, beseni likawekwa mezani mbele yake. Nilitandika kitambaa ndani ya beseni ili asiteleze, nikatia maji ya vuguvugu yasiyozidi vidole viwili, nikayapima kwa kiwiko kama alivyoniagiza. Hatukutumia sabuni. Wifi alimshika, mkono mmoja kifuani na mwingine ukibeba makalio, akamshusha taratibu, kichwa kikiwa nje ya maji.

"Tia mafuta ya nazi kwenye pamba," aliniambia. "Sasa fungua ule mkunjo kwa kidole. Taratibu, pana ngozi laini."

Nilikuwa nimevaa glavu mbili mbili. Nilifungua. Kilichotoka kilikuwa bonge la kijani lililokolea karibu kuwa jeusi, laini, limefungamana na nywele, ukubwa wa kokwa ya tende. Harufu ilinipanda hadi machoni. Nilikimbia mlangoni, nikarudi, nikakimbia tena. Mara ya tatu nilifuta huku machozi yananitoka.

"Wewe kwa wale watoto wa watu," nilimwuliza, ili nisiifikirie ile pamba, "ulizoea?"

"Mavi ya watu? Sikuyazoea," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa nikitoka pale nakwenda kutema mate. Kisha narudi kumfunga mtoto nepi."

Nilikuwa nimemdhani mtu asiye na kinyaa. Nilimtazama, naye alikuwa amegeuza uso upande, amebana pua dhidi ya bega lake.

Kukausha kulichukua muda kuliko kuosha. Taulo la kwanza lilinyonya maji, la pili likamfuta tumbo na mapaja. Draya ya kichwani niliiazima kwa jirani bila kumwambia ni kwa ajili ya nani. Niliiweka kwenye joto la chini, mbali kiasi cha mkono, nikiutanguliza mkono wangu ili niuhisi upepo kabla yake. Wifi alikuwa akipenyeza vidole kwenye manyoya na kusema, "Hapa bado," hadi akaacha kusema.

Tangu hapo, kila Jumamosi namsafisha kwa mafuta na pamba, na kumtia majini ni pale tu anapochafuka sana. Bado namaliza nikiwa na jasho la baridi. Siku ile ya kwanza alipokwisha kukauka, wifi alimwinua na kumbusu juu ya pua, kisha akaniomba chai. Nikampa. Alipomaliza, kile kikombe nilikiosha kwa maji ya moto mara tatu, nikakiweka peke yake kwenye rafu ya chini. Wifi aliniona.