Bia ya mtungi wa bibi: kila aliyeionja alisogea kwenye benchi bila kujijua

Wakuu, habari za mchana.

Kuna uzi humu ndani watu wanabishana kwamba hawa wanaotengeneza craft beer wamevuka mipaka na flavor zao. Nimesoma kurasa zote. Mmoja anasema bia ya embe ni juisi ya walevi, mwingine anatetea bia ya pilipili kama vile ni ya mjomba wake.

Mimi nina kisa changu. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyotokea. Ukiona ni chai, yaani nimetunga, pita kimya kimya.

Mimi ni Mchaga, nimekulia kwenye mbege, kwa hiyo kwenye pombe siyo mgeni. Kazi ndiyo iliyonileta Dodoma, serikali ilipohamia huku.

Hapa ndipo nilipofahamiana na Yoeli. Yoeli ni Mgogo, fundi mafriji, alikuja ofisini kwetu kutengeneza AC tukaanza kupiga stori. Kumbe nyuma ya nyumba yake, mitaa ya Majengo, ana banda la mabati anatengenezea bia. Vibali anavyo, mapipa yanang'aa, usafi wa hospitali.

Nikawa muonjaji wake. Kila Jumamosi alasiri tunakaa watu sita, saba, kwenye benchi moja refu la mbao, tunaonja na kutoa maoni.

Yoeli alianza vizuri. Bia ya zabibu, safi. Bia ya ubuyu, ile ilikuwa moto wa kuotea mbali.

Baadaye akaanza kutafuta sifa. Akatuletea bia ya ukwaju na pilipili, tukavumilia. Akaleta ya dagaa. Wakuu, sitaki kuizungumzia ile ya dagaa. Akajaribu mpaka mlenda, ikavutika kwenye glasi kama kamasi, mkewe Damari akaimwaga kwenye migomba bila kumuuliza.

Damari ameokoka, hagusi pombe. Kazi yake siku za kuonja ilikuwa kutuletea karanga na kutucheka. Mkumbukeni huyo, kwa sababu bila yeye tusingejua chochote.

Sasa siku moja Yoeli akatuita akiwa na furaha ya ajabu.

"Leo hamtaonja flavor ya dukani," akasema. "Leo mnaonja ukoo wangu."

Akatueleza. Alikwenda kijijini kwao, mbele ya Mvumi, kwenye msiba. Kwenye stoo ya shangazi yake akakuta mtungi wa marehemu bibi yake, ule aliokuwa akitengenezea pombe ya uwele. Umefunikwa kwa kitambaa, umefungwa kamba, haujaguswa tangu bibi afariki, miaka mingi.

Yoeli akafungua. Chini kulikuwa na mashapo makavu kama gamba. Akayakwangua kwa kijiko, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga mtungi kama alivyoukuta. Hakumwambia mtu.

Kitaalamu siyo ujinga. Hamira ya pombe inaweza kulala kavu muda mrefu, ukiipa maji ya kimea inaamka. Ya kwake iliamka siku ya tatu. Akaitumia kuchachusha pipa zima la uwele.

Tukaonja.

Wakuu, sijawahi kunywa kitu kama kile. Ilikuwa na uchachu wa mbali, moshi kidogo, halafu utamu unaokuja mwishoni ukiwa umeshameza. Kila mtu akanyoosha glasi aongezewe. Kwa watu wenye kukosoa kama sisi, hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Damari ndiye aliyetukatiza. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya karanga.

"Mbona mmesogea?"

Tukamwangalia.

"Nani kasogea?"

"Nyinyi wote."

Tukajitazama. Tulikuwa watu sita kwenye benchi. Watatu tumebanana upande huu, watatu wamebanana upande ule. Katikati kuna nafasi ya mtu mmoja.

Tukacheka. Tukarudi kukaa vizuri. Tukaendelea kunywa.

"Mmesogea tena," Damari akasema. Safari hii hakucheka.

Kuna mkuu atauliza kama tulikuwa tumelewa. Hapana. Glasi zenyewe ni zile ndogo za kuonjea, na ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka.

Nilijiambia ni akili tu, mtu akishakwambia kitu unakifanya. Nikaomba chupa moja niende nayo kwangu. Kesho yake, Jumapili mchana, nikafungua nikiwa peke yangu sebuleni, naangalia mpira. Sofa langu ni la watu watatu na huwa nakaa katikati, miguu mezani.

Timu yangu ikafungwa bao. Nikataka kupiga ngumi mkono wa sofa kwa hasira, nikakuta mkono wa sofa uko hapa hapa ubavuni. Nilikuwa nimejibana pembeni kabisa, magoti pamoja, kama mtu aliyempisha mgeni.

Sikumaliza ile chupa. Nilizima TV nikatoka nje kusimama juani.

Jumamosi iliyofuata Yoeli aliwaalika watu wapya wanane ambao hawakujua lolote. Kati yao alikuwepo mama mmoja mwenye hoteli hapa mjini. Damari akaficha simu dirishani, ikarekodi.

Ile video ninayo kichwani mpaka leo. Watu wanaongea, wanacheka. Wananywa. Halafu, bila mtu kumgusa mwenzake, bila hata kukatisha maongezi, wote wanateleza taratibu kulia na kushoto. Katikati panabaki wazi. Mmoja anavuta hata pindo la sketi yake ili lisikaliwe.

Mama wa hoteli aliipenda sana ile bia. Akasema anaitaka yote, kila mwezi, iwe bia maalumu ya hoteli yake. Hiyo ndiyo nafasi Yoeli aliyokuwa anaililia miaka yote ya kutengeneza AC za watu.

"Humpi," Damari akamwambia mbele yangu.

"Kwa sababu watu wanasogea kwenye benchi? Nitamwambia hivyo mteja?"

"Umechukua kitu kwenye nyumba ya watu bila kuuliza. Nenda kwanza ukamuulize shangazi."

"Ile ni nyumba yetu, Damari."

"Basi haitakuwa vigumu kuuliza."

Yoeli akanitazama mimi nimtetee. Wakuu, nilitazama chini.

Tukaenda na gari langu. Shangazi Foibe ni mama mtu mzima sana, mwembamba, wa kwaya ya kanisani. Tulimkuta anachambua karanga uani. Tukamwamkia, akatupokea vizuri, akatupa viti. Yoeli akaeleza huku macho yake yako kwenye ungo. Alipofika kwenye kukwangua mtungi, mikono ya shangazi ikasimama.

"Uliufungua?"

"Nisamehe shangazi."

Hakufoka. Akaomba aone hiyo video. Damari akamshikia simu. Akaitazama mpaka mwisho, akasema irudiwe. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kioo, pale penye nafasi, video ikasimama.

"Hapo ni pa Mika," akasema.

Mika alikuwa mdogo wake, yaani baba mdogo wa Yoeli. Yoeli alijua jina tu, kwamba aliondoka kijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na hakurudi.

Shangazi akatueleza kwamba kila baada ya mavuno, bibi alikuwa anapika pombe ya kumpokea Mika. Majirani wanaalikwa, wanakaa kwenye benchi, na kabla mtu hajameza bibi anasema: "Sogeeni kidogo, mwacheni Mika apate pa kukaa." Miaka ikaenda. Mwishoni watu walikuwa wanasogea wenyewe kabla hajasema.

"Mwaka aliokufa alikuwa amepika tayari," shangazi akasema. "Ile haikunywewa. Niliifunika hivyo hivyo, ikakauka."

Hapo mimi nywele zilisimama, na ilikuwa saa nne asubuhi, kuku wanapita miguuni.

Nilidhani atatuambia twende kwa mganga, au tumwage chini tukitaja majina ya wazee. Yeye akasema, "Mimi ni mtu wa kanisa, hayo siyajui. Leteni yote iliyobaki Jumamosi. Nitawaita waliokuwa wanakaa pale."

Tukarudi Jumamosi na kila chupa tuliyokuwa nayo.

Waliokuja walikuwa saba tu, wengine walishatangulia mbele za haki. Wazee watupu, wanaume kwa wanawake, na fimbo zao, wanasalimiana "Mbukwenyi" kwa sauti za kuchoka. Shangazi aliwatolea benchi lile lile la zamani, limepauka, misumari imetokeza. Yoeli akamimina kwenye vikombe.

Wakanywa. Mzee mmoja, tumwite Lameki, akafumba macho. "Hii ni ya mama yenu," akasema.

Halafu wakasogea. Wote saba. Safari hii nilikuwa naangalia kwa macho yangu, siyo kwenye simu. Mbao ililia kidogo, nafasi ikafunguka katikati, ya mtu mmoja. Wazee wale wakaiangalia. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Shangazi Foibe alikuwa amesimama mlangoni. Akatembea taratibu, akafika pale, akakaa kwenye ile nafasi.

"Mika alikufa," akasema.

Wazee wakageuka kumtazama.

"Alikufa mwaka wa pili tu baada ya kuondoka. Rafiki yake wa kazini aliandika barua. Nyumba hii mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua kusoma. Mama akaniuliza barua inasemaje."

Akashika ukingo wa benchi.

"Nikamwambia inasema anasalimia, atakuja baada ya mavuno."

Wakuu, nilisikia Damari akianza kulia nyuma yangu.

"Nilitaka apate nguvu amalize kuvuna, halafu nimwambie. Mavuno yakaisha, akapika pombe, nikashindwa. Mwaka wa pili nikashindwa. Barua nikaichoma jikoni. Mama amekufa akiniuliza kama njia imeleta mtu."

Mzee Lameki akashusha kikombe chake.

"Foibe, tumesogea miaka yote hiyo."

"Najua."

Hakuna aliyemlaumu wala aliyemwambia haikuwa kosa. Bibi mmoja aliyekuwa kulia kwake akamsogelea tu, mpaka mabega yakagusana. Wa kushoto naye akasogea. Lameki akampa kikombe chake mwenyewe, na shangazi, mwanakwaya ambaye hajagusa pombe tangu usichana wake, akanywa mpaka kikaisha.

Waliendelea kunywa mpaka chupa zote zikawa tupu, wakimtaja Mika, alivyokuwa mkorofi, alivyokuwa akiimba. Sikuona mtu akisogea tena.

Jumapili ile padri alisoma jina la Mika kanisani pamoja na marehemu wengine. Yoeli aliniambia shangazi alisimama wima muda wote wa ibada.

Mama wa hoteli alijibiwa kwamba ile bia haipo tena. Alikasirika, akahamia kwa mtengenezaji mwingine. Yoeli alikuwa amebakiza hamira kidogo kwenye friji, hakutuambia. Akajaribu kuiamsha mara mbili, haikutoa hata povu moja. Anasema ni umeme ulikuwa unakatika. Inawezekana, yeye ndiye fundi mafriji.

Sasa nirudi kwenye mjadala wenu. Embe, pilipili, ubuyu, wekeni tu, mbaya zaidi mtu atatema. Mpaka ninaoujua mimi ni mmoja: usitie kwenye pipa kitu ambacho mtu amekifunika, kabla hujamuuliza kwa nini alikifunika.

Najua kuna watakaoniletea sayansi ya mazoea na akili za kundi. Leteni, nitasoma, ila mtanieleza na lile sofa langu. Na kama kwenu kuna mtu anasubiriwa, na wewe unajua hatakuja, waambie leo hii hii.

Nipo hapa nasoma maoni. Mwenye swali aulize.