Askari Wanaosema “Mwacheni”

Daktari anayenitibu saratani, kule Upanga, nilimuuliza kwa hasira: kama mwili una askari, mbona waliuacha uvimbe huu ukue? Akasema wengi waliuona. Ila kuna seli nyingine za kinga ambazo kazi yao ni kuwatuliza askari wenzao, na uvimbe unajua kuzivuta karibu na kujificha nyuma yao.

“Wasaliti hao,” nikasema. “Ziueni zote!”

“Tukiziua zote, mzee, askari watakugeukia wewe mwenyewe. Utumbo, ngozi, mapafu.”

Nilimkumbuka mama mmoja muuza vitenge wa Mtaa wa Msimbazi. Mwaka wangu wa kwanza Kariakoo nilijitwisha robota la nguo la jirani nikidhani ni langu, maana yote yalifungwa kwa magunia meupe yaleyale. Mtu akapiga kelele, “Mwizi!” Kufumba na kufumbua watu wamenizunguka, wengine na mawe mkononi. Yule mama akajipenyeza katikati, akanifunika kwa khanga yake. “Mwacheni! Muulizeni kwanza!”

Baadaye walimlaumu sana, kwa sababu wezi wa kweli nao walijifunza kukimbilia kwenye kibanda chake.

Sasa naendelea na dawa, na uvimbe umepungua. Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari. Lakini wale watulizaji siwaiti tena wasaliti. Nimeishi hadi kuugua uzeeni kwa sababu mmoja wao aliwahi kunifunika kwa khanga.